Mamba wa Papa Nahum

Kila asubuhi nyumbani kwa Papa Nahum, mjini Kamina, mtu wa kwanza kutajwa alikuwa Kisimba. Séphora akichelewa kuamka kufagia uwanja, baba yake aliuliza dirishani, "Kisimba angelala mpaka saa hii?" Abner mdogo akililia sindano ya malaria, aliulizwa kama Kisimba angelia. Hata mama yao, Ève, alipolalamika kwamba makala ya kupikia yamelowa na jiko la mbabula haliwaki, aliletewa habari za Kisimba. Mama Ève alijibu kwamba Kisimba akija na makala makavu, atamkaribisha kwa mikono miwili.

Kisimba huyo hakuwa jirani wala ndugu. Alikuwa shujaa wa kitabu cha kale, *Kisimba na Msafara wa Chumvi*, ambacho Papa Nahum alikisoma utotoni kwenye shule ya misheni. Kilisimulia enzi za wafalme wa Baluba, na kijana aliyefuatana na bibi yake mzaa mama na wapagazi wa chumvi mpaka mto Lualaba. Papa Nahum alikuwa karani wa ofisi ya kanisa la Metodisti, mtu wa kuvaa tai hata siku ya tope. Lakini jioni, baada ya kula bukari, ugali wa kwao, aliwasimulia watoto kitabu hicho, na akifika pale pa mamba, alikunja mikono ya shati na kupigana na mto wa kiti. "Mamba akafungua kinywa. Kisimba akaingiza mkono mpaka begani, akaushika ulimi!" Mama Ève alikuwa amechoka kuushona mto huo.

Basi siku moja Madamu Valérie, mwalimu wa darasa la sita, alitangaza Siku ya Kusoma. Kila mwanafunzi ataje kitabu alichokisoma. Séphora aliinua kidole kabla ya wengine, akaeleza habari za mamba na ulimi wake. Darasa zima lilibana pumzi.

"Na weye mwenyewe ulikisoma?" Madamu aliuliza.

"Ndiyo, Madamu. Nilisoma yote."

Uongo ulimtoka laini kama mafuta ya mawese. Madamu Valérie alimchagua asimulie siku hiyo mbele ya wazazi, na kama atafanya vizuri, ataiwakilisha shule kwenye mashindano ya kusimulia vitabu kule Kaniama. Kitwa, mvulana aliyekuwa amesoma kitabu kizima juu ya nyuki, alinuna mpaka saa ya kutoka.

Juma lililofuata Madamu alipata nakala ya kitabu hicho kwa rafiki yake wa Lubumbashi. Kilifika kwa treni, kimefungwa kwa kamba. "Kichukue nyumbani ujikumbushe," alimwambia Séphora. "Siku yenyewe nitakishika mimi, nifuate ukisimulia."

Séphora alikipima mkononi. Kilikuwa kinene kweli. Lakini si anajua yote? Akakiweka juu ya kabati, akaenda kuruka kamba.

Aliyekinyakua alikuwa baba yake. Hakuvua hata tai. Alinusa kurasa, akaanza kusoma kwa sauti huku akicheka peke yake. Bukari ikapoa. Abner akamla samaki wa baba yake bila kukemewa. Jioni iliyofuata Papa Nahum alisoma kimya, kisha akakirudisha kitabu juu ya kabati na kwenda kulala mapema. Kesho yake Séphora alichelewa kufagia, na dirishani hakuna aliyemtaja Kisimba.

"Papa yenu anaumwa?" Mama Ève aliuliza.

Ijumaa alasiri Séphora alikishusha kitabu, atafute maneno mawili matatu ya kupambia mahali pa mamba. Akapaona. Mamba alifungua kinywa. Kisimba alisimama ukingoni. Séphora akageuza ukurasa. Kisimba alitupa mzigo wa chumvi, akapanda mti, akalia akimwita bibi yake. Bibi ndiye aliyerudi na mchi wa kutwangia, akampiga mamba puani mpaka akarudi majini. Ulimi haukuguswa na mtu.

Alisoma tena polepole, lakini Kisimba alibaki mtini. Kesho Madamu atakuwa na kitabu mapajani, wazazi wote wakitazama, na yeye alishasema amekisoma chote.

Alimkuta baba yake nyuma ya nyumba, akipiga rangi viatu vilivyokwisha kung'aa.

"Papa, ulimi wa mamba iko wapi?"

Papa Nahum aliendelea kusugua. "Umeona."

"Na weye uliona?"

"Niliona." Akaweka kiatu chini. "Sikiliza, mwanangu. Misheni ilikuwa na nakala moja tu, minyi nikaiazima, ikakaa kwa bibi yangu. Bibi aliuzaka karanga. Alichana kurasa za nyuma, akafungia karanga. Kitabu chetu kiliishia pale mamba anafungua kinywa. Wenzangu wakalilia mwisho, minyi nikawapa mwisho. Wakafurahi, wakanipa muwa. Kesho wakaja na muwa mwingine, mamba akawa mkubwa zaidi. Miaka ikapita, nikasahau kwamba ni minyi mwenyewe njo nilitunga."

"Mbona haukuniambia?"

"Niliona haya. Nimewasumbua na Kisimba miaka yote, kumbe yeye mwenyewe alilia juu ya mti." Akatabasamu kidogo. "Lakini huyu anayelia ninamupenda zaidi. Hata minyi ninaogopa maji mpaka leo."

Séphora hakucheka. "Papa, nilimwambia Madamu nilisoma yote. Sikuwa nimesoma hata ukurasa moja."

Baba yake aliweka brashi chini. "Minyi nilisahau. Weye ulijua. Kesho utafanya nini?"

"Nisome usiku kucha?"

"Utasinzia mbele ya watu. Soma utakachoweza, na sema ulichosoma."

Séphora alisoma mpaka alipoitwa kula, akasoma tena mpaka macho yakakataa.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa. Madamu Valérie alikaa mbele, miwani usoni, kitabu mapajani. Séphora alisimama.

"Kabla sijaanza," alisema, "nilimdanganya Madamu. Nilisema nimesoma kitabu chote, na sikuwa nimekisoma. Ulimi wa mamba haumo ndani. Niliusikia kwa Papa. Jana nimesoma, lakini sijamaliza. Nitasimulia mpaka nilipofika, halafu nitanyamaza."

Kitwa aliangua kicheko, na wengine wakamfuata. Séphora aliona uso unawaka, akatamani ardhi imfunike. Ndipo kule nyuma Papa Nahum akasimama na tai yake.

"Ulimi ule ni wangu," alisema. "Mtoto asichekwe peke yake."

Mama Ève akamvuta koti akae.

Séphora akasimulia. Alieleza majigambo ya Kisimba njiani, mzigo uliotupwa, mti, na mchi wa bibi. Wamama walipiga makofi pale pa mchi. Akaendelea mpaka jioni ile ngoma ziliposikika ng'ambo ya mto, na bibi akamshika Kisimba mkono, akamwambia, "Sasa ni zamu yako." Hapo akanyamaza.

"Halafu?" sauti ikauliza.

"Sijui. Nilifika hapo."

"Haiwezekani kufika hapo tu," alisema Kitwa, naye alikuwa amepanda juu ya benchi. "Madamu, usome basi."

Madamu Valérie akafunga kitabu. "Sisomi. Kitakaa darasani, mtakisoma kwa zamu." Vidole vikainuka, cha Kitwa kikiwa juu kuliko vyote.

Watu walipokuwa wanatoka, Madamu alimwita Séphora pembeni. "Atakayekwenda Kaniama ni Kitwa na nyuki wake, kwa sababu yeye alikisoma kitabu chake. Ni haki yake." Séphora akaitika kwa kichwa. "Lakini ukumbuke hili. Uliponidanganya, uliogopa kitabu kufunguliwa. Leo umesema kweli, na watu wote wanataka kukifungua. Soma mwenyewe kabla ya kusema, na ambacho hukijui, sema hukijui. Hakuna atakayekukamata kwa uongo."

Jumatatu asubuhi Séphora alichelewa tena kuamka. Papa Nahum akasogea dirishani, akakohoa.

"Kisimba angelala mpaka saa hii?"

"Ukurasa gani, Papa?" sauti ikatoka ndani ya blanketi.

Papa Nahum aliutafuta ukurasa huo kichwani, asiuone, akachukua ufagio na kuanza kufagia mwenyewe.