Mtoto Aliyesema Ameshiba

Nyumbani kwa Dorothée, kule Baraka kando ya ziwa, kila chungu kilinukia samaki. Mumewe Jacques alikuwa mvuvi. Dorothée alianika ndagala, wale dagaa wadogo, akauza nyingine, na zilizobaki akazitia katika kila alichopika. Sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, ilipata ndagala. Maharage yalipata ndagala. Hata mboga za majani hazikusalimika. Majirani walipenda kupita kwake saa ya kula, wakijifanya wamekuja kuomba moto. Dorothée alijua, na alifurahi.

Mwaka huo alipokea mgeni. Jina lake Kabagwira, msichana wa miaka kumi, kutoka milimani kwa wafugaji. Baba yake, Sebatware, alikuwa rafiki wa Jacques tangu zamani. Huyu alileta siagi, yule alitoa chumvi. Sasa Sebatware alitaka binti yake asome katika shule ya misheni, akae kwa rafiki yake.

Mlimani watu walimcheka. Msichana atafanya nini shuleni? Wengine hawakucheka. Walinyamaza tu, wakingoja. Kabagwira akifaulu, nao wangewaleta mabinti zao. Akishindwa, hakuna msichana mwingine wa mlimani ambaye angeshuka.

Siku ya kwanza Dorothée alitenga bukari, ugali wa muhogo, na samaki mkubwa. Kabagwira alinawa, akamega tonge dogo, akalila kavu. Kisha akasogea nyuma.

"Kula, mutoto," alisema Dorothée.

"Nimeshiba, mama."

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na siku zilizofuata. Asubuhi, Dorothée alipopasha moto kiporo cha sombe, Kabagwira alisema ameshiba tangu jana. Watoto wa nyumba walimaliza fungu lake bila kuombwa.

Mwanzoni Dorothée alimhurumia. Baadaye aliingiwa na uchungu. Alimpikia mtoto wa watu kwa moyo wote, na mtoto anamdharau.

"Banamulima banatuona sisi ni nani?" alimuuliza mumewe. "Chakula yangu iko muchafu?"

"Muache kwanza, atazoea," Jacques alijibu.

Lakini Dorothée aliacha kumbembeleza. Asiyetaka, asile. Ndivyo alivyosema, na ndivyo alivyofanya.

Siku moja Mwalimu Bonaventure alipita kwake. Alikuwa mtu mkali, lakini si mtu mbaya.

"Mama Dorothée, ule mutoto iko nalala mu kalasi. Namuuliza, ananiangalia tu. Namusimamisha inje, hapana kitu. Nimetuma habari kwa baba yake. Akiendelea vile, nafasi yake nitapatia mwingine."

"Iko kichwa nguvu, mwalimu," Dorothée alisema. "Hata hapa kwangu iko vile vile."

Maneno hayo alikuja kuyajutia.

Sebatware alifika na fimbo yake, vumbi la safari likiwa bado miguuni. Alikataa kuketi, akaenda moja kwa moja shuleni. Dorothée alimfuata. Walikuta watoto wamejaa uwanjani. Kabagwira alikuwa amesimamishwa tena juani, na sasa alikuwa chini, macho yamefumbwa.

Sebatware alimnyanyua. Mtoto alikuwa mwepesi mno. Akamgeukia Dorothée.

"Nilikupatia mutoto muzima," alisema.

Dorothée alijua mlimani watasema nini: kwamba watu wa ziwani walimwua mtoto wa Sebatware. Wakati wote wakikimbilia dispensari pamoja na mwalimu, Dorothée alimwomba Mungu mtoto apumue tu, mengine yatajulikana baadaye.

Muuguzi wa dispensari aliitwa Albert. Alimlaza Kabagwira, akampa maji yenye sukari kidogo kidogo. Mtoto alifumbua macho. Albert alimgusa paji la uso. Homa hakuna. Alivuta chini ukope wake, akaona ndani hamna damu ya kutosha.

"Amekula nini leo asubui?" aliuliza.

Mwalimu alimtazama Dorothée. Dorothée alitazama sakafu.

"Anasemaka ameshiba, munganga."

"Hapana kile anasemaka. Kile amekula."

"Hapana kitu," Dorothée alisema kwa sauti ndogo. "Na jana ni bukari tu, kidogo."

Sebatware alisimama. "Ulikuwa namunyima?"

"Namupatia samaki, Baba Kabagwira. Samaki muzuri. Kila siku anaacha. Mu nyumba yangu hakuna chungu bila samaki. Mi nilizani ananizarau."

Polepole Sebatware aliketi chini, fimbo ikiwa magotini.

"Sisi benye ng'ombe hatukulaka samaki," alisema. "Kwetu banasema muntu akikula samaki na kisha akakunywa maziwa, ile ng'ombe itakauka maziwa mupaka ikufe. Na ni mi mwenyewe nilimwambia: mu nyumba ya watu usiseme una njaa. Mutoto wa adabu anasema ameshiba."

Ndipo Kabagwira akazungumza, macho kwenye ukuta. "Nilikuwa naogopa kurudia kwetu na kuua ng'ombe ya mama."

Dorothée alilia waziwazi, wala hakujifuta.

"Mi sijaona ng'ombe inakufa vile," alisema Albert. "Lakini hatutabishana leo, na hakuna wa kumulazimisha. Mutoto anapata nguvu mu maharagi, mu karanga, mu majani ya lengalenga, mu maziwa. Akienda ku masomo tumbo wazi, akili inatangulia kuchoka mbele ya mwili. Mwalimu atasema ni mvivu. Fimbo na jua haviponyeshe njaa."

"Kumbe nilimuazibu bure," alisema mwalimu.

"Wote mulimupenda," Albert alisema. "Baba alimulea, mama alimupikia, mwalimu alimufundisha. Lakini hakuna aliyeuliza mwenzake."

Sebatware aliinama juu ya binti yake. "Hapa ni kwa mama yako. Ukisikia njaa, sema. Si aibu. Mi ndiye naruhusu."

Dorothée alinunua chungu kipya, akakiweka kando. Samaki hakuingia humo. Asubuhi kilipikiwa uji na karanga, jioni maharage au lengalenga. Siku ya tatu Kabagwira aliomba aongezwe, na Dorothée alimwongezea mpaka mtoto akacheka. Mwalimu Bonaventure alianza kuuliza asubuhi nani hajala, na akimwona mtoto anasinzia, alipita kwanza kwa wazazi. Mlimani Sebatware alituma maharage na siagi kila alipopata mtu wa kushuka.

Kabagwira hakuwa wa kwanza darasani, tusidanganyane. Alikuwa wa kati, macho wazi, na nafasi yake haikupewa mtu.

Baada ya likizo Sebatware alishuka tena na binti yake. Nyuma yake alikuja mwanamume mwingine wa mlimani, mmoja wa wale walionyamaza, ameshika mkono wa msichana mdogo aliyeitwa Mukansanga.

Dorothée aliwakaribisha, akawapa viti. Chungu cha samaki kilikuwa motoni, harufu imejaa uwanja mzima. Hakukigusa. Alichuchumaa mbele ya mtoto mgeni, wakawa macho kwa macho.

"Niambie kwanza," alisema. "Unakulaka nini, na nini haukulake?"

Mukansanga alimtazama baba yake. Baba yake akaitikia kwa kichwa, na mtoto akaanza kutaja.