Nta Kifuani

Jua lilikuwa linazama upande wa pili wa kijiji cha Kiptere Rodah alipomwachia jirani yake, Mama Elmina, mwanawe Isaiah. Alimdanganya kwamba anakwenda kwa fundi wa nguo.

Tangu amwachishe Isaiah kunyonya, mumewe Kiplangat alikuwa akimcheka hata mbele ya wageni. "Kifua kimekuwa soksi," alisema. Sasa Rodah alikuwa amesikia kuna daktari anayewadunga wanawake sindano ya kujaza matiti, katika nyumba ya zamani ya meneja, katikati ya mashamba ya chai.

Alipofika, alimkuta mwanamke ameketi kwenye benchi nje ya mlango, amejifunika shuka. Ukungu ulikuwa unashuka. Kulikuwa na harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi... lakini hakuuona mshumaa.

"Na wewe umekuja kudungwa?" Rodah alinong'ona.

"Mimi nilidungwa zamani," mwanamke akajibu bila kugeuka. "Waliniwekea nta."

"Nta? Ya mshumaa?"

"Waliichemsha ikawa maji, wakanidunga. Mwaka wa kwanza nilikuwa mrembo, weh!" "Halafu ikaganda... Ikaanza kutembea. Kwapani. Shingoni."

Akaushika mkono wa Rodah, akauingiza chini ya shuka.

Baridi.

Ngumu kama jiwe la mtoni.

Na nyuma ya jiwe hilo, hakuna moyo uliopiga.

Mlango ukafunguka. Daktari akatoa kichwa. "Karibu, madam. Mbona umekaa hapo peke yako?"

Rodah akageuka. Benchi lilikuwa tupu. Vidoleni mwake, kitu cheupe kilikuwa kinaganda.

Alikimbia. Matawi ya chai yalimchuna miguu, kiatu kimoja kikabaki njiani, asisimame hadi kwa Mama Elmina. Alimweleza yote huku akilia.

Mama Elmina alifunga mlango kwanza.

"Huyo ni Nyakerario," akasema kwa sauti ya chini. "Mama yangu alimjua. Alikuwa anapikia mzungu kwa hiyo nyumba. Kulikuwa na daktari wa wazungu, alitaka kuona kama hiyo dawa itaua mtu, ndio awadunge mabibi wao."

"Na ikamuua?"

"Ilimuua, lakini sio yeye alikufa kwanza. Alikuwa na mtoto mchanga. Mtoto alinyonya, akanyonya, hakuna kitu kilitoka. Alimfia mikononi."

"Sasa anataka nini, Mama?"

"Wengine husema anawaonya wanawake. Wengine husema..." Hakumaliza. "Chukua mtoto wako, mwende nyumbani."

Rodah akaingia chumbani na taa. Isaiah alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani. Alikuwa anameza.

Akasogea.

Midomo ya mtoto ilikuwa inanyonya, polepole, kama mtu anayekaribia kushiba. Hapakuwa na mtu kitandani. Lakini shavu lake lilikuwa limebonyea, limeegemea kitu ambacho mamaye hakukiona.