Pembe za Upande wa Pili

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Unaweza kujaribu, kama hujali kuliburuza sakafuni na kulirudisha kwenye mashine, lakini ili likunjike inavyotakiwa lazima muwe wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, mnarudi nyuma mpaka kitambaa kinyooke, mnakung'uta, halafu mnatembea kukutana katikati mpaka vidole vyenu vigusane. Mmoja anatoa, mwingine anapokea. Mama Shuka alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja, na kwa ishirini na sita kati ya hiyo mtu wa upande wa pili alikuwa Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa alistaafu. Akaagwa kwa keki na kadi, akakaa nyumbani miezi mitatu, akafa kwenye kiti mchana kweupe. Wafanyakazi wenzake walitikisa vichwa wakasema ndivyo mwili ulivyo, ukiuzoesha kazi halafu ukaunyima, unachanganyikiwa. Mama Shuka alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi miwili astaafu. Maneno hayo yalimwingia hadi kwenye mifupa.

Matroni aliahidi kuleta mtu mwingine, na kwa kuahidi Matroni alikuwa hodari. Basi Mama Shuka akawa anabana pembe mbili kwenye ukingo wa meza kwa vibanio, anakimbilia upande huu, anakimbilia ule, mgongo unamlilia. Asubuhi moja, mashine zote tatu zikinguruma na mvuke umetanda hadi dirishani, alisahau vibanio. Alilirusha shuka lifunguke na kwa mazoea akaita, kama walivyokuwa wakiitana siku zote, "Pembe!"

Shuka lilishuka upande wake tu. Upande wa pili ulibaki juu, usawa wa kifua cha mtu, pembe mbili zimeshikwa hewani.

Aliitazama feni ya dirishani. Feni ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi. Shuka likakung'utwa mara moja, taratibu, kisha likaanza kumjia, hatua kwa hatua, hadi pembe zikatua mikononi mwake.

"Ahsante, mwenzangu," alisema Mama Shuka, machozi yakimlengalenga.

Usimcheke. Alikuwa mpweke, mgongo ulimuuma, na alimkumbuka rafiki yake kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote.

Miezi iliyofuata kazi ilikwenda kama maji. Matroni alipita akaona mashuka yamepangwa hadi karibu na dari, akasema, "Kumbe peke yako unaweza!" na habari ya kuleta mtu ikaishia hapo. Mama Shuka alianza kuzungumza na upande wa pili. Alimpa habari za wodini, za magoti yake, za mume wake aliyestaafu miaka sita iliyopita na tangu hapo kazi yake ni kuhama na kivuli ukutani. "Ukinishika mkono hivi," aliwahi kusema, "mimi humu sitoki." Alisema kwa mzaha, lakini alikuwa na furaha aliposema.

Kisha barua ikaja. Ilikuwa na muhuri, shukrani, na tarehe. Zilibaki siku tisini. Aliisoma kwa sauti akiwa amesimama mezani, akaikunja, akaitia mfukoni. Shuka alilolishika baada ya hapo lilivutwa kwa nguvu hadi tumbo lake likagonga meza.

"Taratibu, Dada," alisema.

Ndipo alipoanza kuona alichokuwa hataki kukiona. Dada Mkubwa alikuwa mfupi. Pembe hizi sasa zilikuwa zimeinuka juu ya kichwa cha mtu yeyote aliyemfahamu. Kulikuwa na harufu pia, si ya sabuni wala ya dawa, ni ya nguo iliyolowekwa ikasahaulika siku nyingi. Alijaribu kurudi kwenye vibanio, lakini kila alipobana, vilibanuliwa kimoja kimoja na kuwekwa mezani kwa mstari. Na siku ya tatu, alipokaza midomo asiite kabisa, shuka likiwa limenyooka kati yao na mvuke ukipita chini yake, sauti ilitoka upande wa pili, nzito, ya mtu aliyejifunza neno moja kwa kulisikiliza miaka mingi nyuma ya ukuta, ikamwita yeye: "Pembe."

Hakumwambia Matroni. Mtu aliyebakiza siku themanini na saba akisema anakunja mashuka na asiyeonekana, anatolewa mlango wa nyuma na cheti cha daktari. Yeye alitaka kutoka mlango wa mbele, kwa miguu yake, aende akanywe chai na mume wake asubuhi bila kuangalia saa. Hilo tu. Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameinywa chai hiyo akiwa amesimama.

Siku ya mapumziko, mchana, alikuwa chumbani akitandika kitanda. Mume wake alikuwa sebuleni na redio. Alilirusha shuka la kitandani, akainama kuchomeka upande wake, na alipoinua kichwa upande wa ukutani ulikuwa umeshachomekwa, umebanwa chini ya godoro kwa mkunjo wa hospitali ambao nyumbani kwake hakuna aliyewahi kuutumia, na harufu ile ya nguo iliyosahaulika ilikuwa imejaa chumba kizima.

"Mke wangu," mume wake aliita kutoka sebuleni, sauti imeshuka. "Uko na nani humo?"

Ndipo alipomweleza yote. Mume wake alikuwa amekaa miaka thelathini na minne nyuma ya dirisha la posta, na mtaa mzima bado ulimwita Karibu-Tena, kwa sababu hakuna aliyewahi kuondoka dirishani kwake bila kuambiwa hivyo. Alisikiliza hadi mwisho. Hakumwambia ni uchovu. Alivaa viatu akasema, "Twende kwa Fundi Boila."

Fundi Boila alikuwa ameiwasha boila ya hospitali tangu ujana, na mambo ya namna hii aliyajua kama alivyojua mabomba. Alistaafu miaka tisa iliyopita na hakuwa na dalili yoyote ya kufa. Walimkuta nyumbani kwake, nyuma ya ukuta wa hospitali, akiziba birika.

"Siku ya kwanza ulimwambia nini?" aliuliza.

"Nilimshukuru."

"Ulimshukuru!" Birika liliwekwa chini. "Mama Shuka, we! Jini ukipokea kitu mkononi mwake ukamshukuru, umemwajiri. Sasa wewe ndiye mwenzake. Ustaafu umwache na nani?"

"Si Dada Mkubwa, basi?"

"Dada Mkubwa amelala zake, mwacheni. Huyo yumo humo tangu kabla ya boila. Miaka yote anawasikiliza mnavyoitana na kucheka, na yeye hana wa kumwita. Akaona nafasi iko wazi." Fundi alishusha sauti. "Na usidhani atabaki kule. Ameshaanza kuja kwako."

Mama Shuka aliuliza afanye nini.

"Atafutwe mtu hai, akasimame upande wa pili mahali pake. Akunje na wewe mashuka saba. Jini atang'ang'ania, asiachie. Atamwita, asiitike. La saba, jini akishindwa, atampa pembe mwenyewe, kwa adabu kabisa. Hapo ndipo pabaya. Azipokee akiwa bubu. Asishukuru."

"Nitasimama mimi," alisema Karibu-Tena.

"Wewe?" Mama Shuka nusura acheke, hata katika hali ile. "Wewe mlango ukifunguliwa na upepo unaushukuru!"

"Nitakaza mdomo. Unataka tumwite nani? Matroni?"

Walikwenda Jumapili, saa sita mchana, wakati chumba cha kufulia hakina mtu. Mume alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lake la dirisha la posta, limepigwa pasi. Mama Shuka aliliona shati hilo akadhani ni heshima tu. Fundi Boila alibaki nje ya mlango, uso ameuelekeza uani, akinong'ona maneno yake na kumwangalia mlinzi asije.

Shuka la kwanza lilikuwa vita vya kitoto. Karibu-Tena hakuwahi kukunja chochote kikubwa kuliko bahasha. La pili, la tatu, walipata mwendo. La nne lilianza kuwa zito katikati, kana kwamba kuna aliyelala juu yake. La tano sauti ikaita, "Pembe," karibu na shingo ya mume, na Mama Shuka akaona nywele za mumewe zikisimama na mdomo wake ukikazwa hadi kuwa mweupe. La sita lilivutwa juu, juu zaidi, yule mzee wa miaka sitini na sita akasimama kwenye ncha za vidole na viatu vyake vikaanza kuachana na sakafu, na mke wake hakuweza kumwita kwa jina wala kumsaidia wala kufumba macho, aliweza tu kushika pembe zake mbili na kurudi nyuma kwa nguvu zote ambazo mgongo wake ulikuwa umebakiza, mpaka kitambaa kikalia, mpaka mvuke ulioganda dirishani ukaanza kutiririka, mpaka kitu fulani upande ule kikalegea na mume wake akatua chini akihema.

La saba lilipanda lenyewe kutoka mezani. Halikuvutwa. Lilinyooshwa, likakung'utwa, likakutanishwa pembe kwa pembe bila kosa, likaletwa polepole hadi mbele ya mikono ya mume na kuwekwa juu ya viganja vyake kwa uangalifu, kama mtu anavyompa mwenzake mtoto aliyelala.

"Ahsante," alisema Karibu-Tena.

Lilikuwa neno dogo, la pumzi tu. Harufu iliondoka. Mwanga wa mchana uliingia dirishani na chumba kikawa chumba.

"Umesema nini?" alinong'ona mke wake.

"Mimi? Sijasema kitu." Na uso wake ulionyesha kwamba hakudanganya. Alikuwa anatabasamu. Miaka sita Mama Shuka hakuwa ameliona tabasamu lile.

Fundi Boila alichungulia mlangoni. "Alikaa kimya?"

Mama Shuka alimtazama mume wake. Aliwaza mashuka saba mengine, mgongo wake, siku zilizobaki, chai. Alikuwa amechoka, na alitaka iwe imekwisha.

"Kimya," alisema. "Mwanzo mwisho."

Na ilikuwa kama imekwisha kweli. Siku zote zilizobaki mashuka yaliporushwa yalianguka, vibanio vilibana, na Mama Shuka alikunja peke yake akiugulia mgongo kwa raha. Nyumbani mume wake alichangamka. Aliamka mapema. Alipiga pasi mashati yake ya zamani, moja baada ya jingine. "Leo mmefua mangapi?" alikuwa akimuuliza mlangoni kabla hajavua viatu, "Mashine ya pili bado inavuja?" naye alijibu, akifurahi kwamba hatimaye mume anajali kazi yake.

Aliagwa siku ya Ijumaa. Kulikuwa na keki. Alitoka mlango wa mbele, kwa miguu yake.

Jumatatu aliamka saa moja kwa mazoea, akakumbuka, akacheka peke yake. Alinyoosha mkono. Upande wa pili wa kitanda ulikuwa baridi, na shuka la upande huo limechomekwa chini ya godoro kwa mkunjo wa hospitali. Jikoni hapakuwa na mtu, wala sebuleni. Shati moja lilikuwa limepungua kwenye msumari.

Alikwenda akiwa na kandambili, karibu mbio, kwa njia aliyokuwa ameapa Ijumaa kwamba hataiona tena. Mlango wa chumba cha kufulia ulikuwa wazi. Mashine zilinguruma. Ndani ya mvuke mume wake alikuwa amesimama wima, mikono juu, amesimulia kitu cha kuchekesha na alikuwa bado anacheka, na shuka mbele yake lilikuwa limenyooka hadi upande wa pili, ambako pembe zilikuwa juu sana. Mezani mashuka yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari.

"Pembe!" aliita Karibu-Tena.

Akaitikiwa.

Mama Shuka alimshika shati kwa mikono miwili, akalivuta, akalia, akamwomba, kwa majina ya watoto wao, watoke humo wote wawili waende nyumbani. Mume wake aligeuza kichwa tu. Hakukasirika. Alimtazama kwa upole, kama alivyokuwa akiwatazama wateja waliofika dirisha limeshafungwa.

"Wewe umestaafu, mke wangu," alisema. "Nenda nyumbani ukapumzike. Sisi bado tuko kazini."