Mipangilio ya Bi Taratibu

Siku ile masjalani walikuwamo watatu: mzee wa mafaili, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, fundi wa kompyuta, na mpiga chapa, mama wa mtoto wa miezi minne. Kiti cha nne kilikuwa cha Bi Taratibu, karani aliyefariki mwezi uliotangulia. Mpiga chapa alipokigusa, kilikuwa na joto.

Fundi alikuwa akisakinisha upya programu inayomsomea mzee barua kwa sauti. Bi Taratibu ndiye aliyeipangia mwendo wa polepole, na salamu ya "Karibu, baba" kila inapowashwa.

"Naenda kuchukua waya," fundi alimwambia mpiga chapa. "Ikiuliza kama iweke mipangilio mipya, jibu hapana, dada. Kazi ya marehemu imo humo."

Lakini saa ya kunyonyesha ilikuwa imefika, maziwa yameanza kulowesha blauzi. Mashine ilipouliza, mpiga chapa alibonyeza ndiyo bila kusoma, akaondoka mbio.

Kesho yake sauti ilimporomoshea mzee maneno kama mvua ya mawe. Hakulalamika. Alivua visikilizio akasema, "Masikio nayo yamechoka, mwanangu. Nitaomba nipumzishwe kazi."

Mpiga chapa akainamia barua yake, akaendelea kupiga chapa.

Mchana huo ikaja harufu ya mafuta ya karafuu aliyokuwa akijipaka marehemu. Vitufe vikaanza kugonga, kimoja kimoja, na kwenye kioo cha mashine ambayo fundi alikuwa ameichomoa kwenye umeme likajiandika swali lile lile, iweke mipya, ndiyo au hapana, likafutika, likajiandika tena, huku kiti cha nne kikilia kama kinachokaliwa na mtu mzito, na harufu ikisogea mpaka nyuma ya shingo ya mpiga chapa.

"Jini gani hili la kufanya kazi za ofisi," fundi alinong'ona.

"Ni mimi," mpiga chapa alimwambia mzee. "Si masikio yako, baba. Nilibonyeza ndiyo."

Vitufe vikanyamaza.

Mzee akapapasa mpaka akaupata mkono wake. "Mtoto alikuwa na njaa. Ungesema tu."

Fundi akachomeka mashine, akatafuta. "Haikufutwa. Faili ya zamani huwekwa pembeni na kubandikwa alama mwishoni mwa jina." Akairudisha mahali pake.

Sauti ikatoka polepole: "Karibu, baba. Na wewe, mama, saa ya kunyonyesha imefika."

Fundi aliipekua mipangilio mstari kwa mstari. Salamu ya pili haikuwamo.

Mzee alifanya kazi miaka miwili zaidi. Kiti cha nne hakuna aliyekikalia.