Gia ya Tatu Mlimani

Enzi zile, kabla barabara ya mlimani haijawekwa lami, nyumba nzima ilijua baba anarudi hata kabla hajaonekana. Lori lilikuwa kuukuu, la bluu, lenye bodi ya mbao, na kabla ya kuwa la baba lilikuwa la babu. Likifika chini ya mlima, baba aliingiza gia ya tatu, nalo likapanda likinguruma vile vile mpaka juu. Mama akiisikia sauti hiyo alibandika chai. Binti yake wa darasa la sita, ambaye kila mtu alimwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyojua kupumzika, aliacha daftari mezani akakimbilia getini. Jamani, hakuna sauti aliyoipenda kama ile.

Shida ilikuwa shuleni. Lori lilikuwa fupi, tumbo karibu liguse ardhi, na wenzake walilibatiza jina la Bata. Chiriku alirudi nyumbani amenuna, akamng'ang'ania baba kama kupe anunue matairi makubwa. Baba naye alikuwa na sababu zake, maana njia ya kwenda kwenye machimbo ya mawe ilikuwa mashimo matupu, na tumbo la lori lilikwaruza matuta kila siku. Basi akanunua matairi makubwa zaidi. Mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa fundi wa malori, akayafunga.

"Bata amekuwa twiga," mjomba alisema akipangusa mikono. "Lakini shemeji, nisikilize. Gurudumu kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko lile la zamani, kwa hiyo injini inavuta kwa taabu. Ni kama kuendesha baiskeli kwenye mwinuko ukiwa umeweka gia nzito."

"Sasa tufanyeje?" baba aliuliza.

"Humu katikati ya magurudumu ya nyuma kuna difu. Ndani yake kuna meno yanayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Tukiyabadilisha, injini itapata nafuu. Ila ni kazi kubwa, na siwezi kuifungua difu kwa kubahatisha, pengine haina haja. Wewe pakia mzigo wako wa kila siku, upande mlima wako wa kila siku. Ukiona unashusha gia mahali ambapo zamani hukushusha, injini inachemka au klachi inanuka, niambie. Ikishindikana kabisa, tutarudisha matairi ya zamani."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma Chiriku.

Shule zilikuwa zimefungwa, naye alikuwa akikaa kiti cha mbele na baba. Safari ya kwanza ya mawe, walipofika katikati ya mlima, lori lilianza kuhema. Baba akashusha gia ya pili, kisha ya kwanza. Harufu ya klachi, kama ya kitambaa kinachoungua, ikajaa ndani. Chiriku alimtazama baba, baba akatazama barabara, na safari nzima wakawa kama hawajuani. Walipofika nyumbani mama alishangaa. "Leo mmepita wapi? Mbona sikuwasikia?"

Ikawa hivyo kila siku. Mjomba alipopita kuulizia hali, baba alijibu haraka, "Liko sawa tu. Lori hili nalijua nje ndani."

Mjomba akamgeukia mpwa wake. "Haya Chiriku, wewe mwenye maneno. Mlimani mnapanda na gia ya ngapi?"

Akilini aliyaona matairi yake mapya yakifunguliwa, akawasikia wenzake wakicheka. "Ya tatu, mjomba. Kama zamani."

Baba alikohoa kidogo.

"Basi difu ibaki ilivyo," mjomba alisema, akaenda zake.

Wiki iliyofuata, lori likiwa limejaa mawe katikati ya mlima, injini ilinguruma lakini magurudumu hayakusogea. Moshi ukatoka chini. Kisha lori likaanza kurudi nyuma taratibu, na nyuma yake palikuwa na mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni.

"Ruka, weka jiwe!" baba alisema, amekanyaga breki kwa nguvu zake zote, lakini mzigo ulikuwa mzito mno.

Chiriku aliruka, akampigia mwanamke kelele atoke barabarani, akasukuma jiwe nyuma ya tairi. Lori likaliegemea, likasimama. Hakuna aliyeumia. Chiriku akakaa chini vumbini.

Mjomba alipofika alichungulia chini, akanusa. "Klachi imeungua. Na haijaanza kuungua leo."

Chiriku akaangua kilio. "Mjomba, nilikudanganya. Si gia ya tatu. Ni ya kwanza, tangu siku ile ile. Niliogopa mtarudisha matairi."

Mjomba alifungua mdomo, lakini baba alimwahi. "Usimgombeze. Mkono kwenye gia ulikuwa wangu. Nilimsikia akidanganya nikanyamaza. Nilishaanza kulikumbuka lori la baba yangu lilivyokuwa, nikaona haya kusema kwamba nimeliharibu mimi."

Mjomba akaketi kando ya mpwa wake.

"Mngeniambia mapema, ningebadilisha meno ya difu tu, na klachi ingekuwa nzima. Sasa nitabadilisha vyote viwili. Chiriku, mimi sipandi mlima pamoja nanyi. Macho yangu huku ni maneno yenu. Mkinidanganya, natengeneza gari nikiwa nimefumba macho, na nyuma ya gari kuna watu."

Lori lilikaa gereji siku kadhaa, na matairi makubwa yakabaki. Siku ya kulijaribu, baba alipakia mzigo ule ule, wakaupanda mlima. Mwendo ulikuwa mzuri, injini imetulia, isipokuwa kwenye kona kali karibu na kilele, ambako baba alishusha gia kidogo kisha akairudisha. Chiriku alitamani kona ile isingekuwepo.

Mjomba alikuwa akiwasubiri juu. Baba alizima injini, akamtazama binti yake.

"Leo utamjibu wewe. Tumepanda na gia ya ngapi?"

"Ya tatu, baba. Ila pale konani ilikuwa ya pili."

"Mwambie hivyo hivyo, mwanangu, na kona usiiache. Kazi ya mtu haiwezi kusimama juu ya nusu ya ukweli."