Sauti Nzito ya Wapellmore

Kamati Ndogo ya Kuondoa Santuri Zisizo na Manufaa: ndivyo maktaba moja ya North York, huko ng'ambo, ilivyoiita kazi ya kutupa takataka, mwaka 1994, na rafiki yetu Shakeel, mzaliwa wa Tanga, ndiye aliyekuwa kamati nzima. Alikuwa katika chumba cha chini kisicho na dirisha, naye alikuwa na haraka. Jioni ile angesoma marsia, tenzi za maombolezo ya Kishia, katika ukumbi wa imambara kwa mara ya kwanza, baada ya miaka mingi ya kushika tu mvumo, ile sauti nzito isiyo na maneno, nyuma ya wasomaji wengine.

Akaweka kwenye gramafoni santuri ya Wapellmore, kundi la vijana waimbaji wa Philadelphia waliogombana na mwimbaji wao wa sauti nzito, wakarekodi wimbo huu mmoja bila yeye, kisha wakasambaratika kabla mwaka haujaisha.

"Sabreen, sikiliza mambo haya!" alimwita mfanyakazi mwenzake wa maktaba aliyekuwa chumba cha pili. "Wanne wanalia du-wa, du-wa, kama mbuzi wenye mafua. Si ajabu mwenzao aliwakimbia!"

"Andika itupwe, bhai, twende zetu."

Balbu ikaungua. Gizani wale wanne wakaendelea, na pale penye pengo la sauti nzito, Shakeel, kwa mazoea ya imambara, akavuma bila kujijua. Alipogutuka akafunga mdomo. Mvumo ukaendelea kutoka kwenye santuri.

"Shakeel bhai," Sabreen aliita, "si ulisema wako wanne? Huyu wa tano mbona ana sauti yako?"

Shakeel alifungua mdomo kumjibu, na sauti haikutoka kinywani; iliendelea kuvuma kwenye santuri.