Mkono Uliolia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mauwa alitwanga mchele wa mama yake. Waliishi katika mji wa Kindu, kando ya mto Lualaba, karibu na stesheni ya reli, na mama aliwauzia vitumbua abiria wa gari moshi. Mchele ulilowekwa usiku, asubuhi ukachujwa na kumwagwa kinuni, na Mauwa akautwanga mpaka ukawa unga laini. Jioni alikoboa mpunga wa kesho yake.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya watu wawili. Dada yake, Zaina, alisimama upande wa pili wa kinu, na michi yao ikapokezana, mmoja ukipanda, mwingine ukishuka. Kwa sauti hiyo majirani walijua kwamba kumekucha. Kisha, wakati wa mvua nyingi, Zaina akashikwa na homa kali, akafa.

Tangu mazishi, mama hakulitaja jina la Zaina, wala Mauwa hakulitaja. Alitwanga peke yake kazi ya wawili. Mama alipotaka kumwita Jeannette, binti wa jirani, aje kusaidia, Mauwa alikataa. Hakutaka mtu mwingine asimame mahali pale. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Alipotwanga kwa nguvu bila kupumzika, alisikia mapigo mawili badala ya moja, kana kwamba mchi wa dada yake ulikuwa ukijibu. Akipunguza mwendo, sauti ile ilinyamaza. Kwa hiyo hakupunguza.

Baada ya muda, mkono wake wa kulia ulianza kuuma, pale chini ya kidole gumba. Mwanzoni uliuma wakati wa kutwanga tu. Baadaye uliuma hata darasani alipoishika kalamu. Siku moja, alipokuwa akipepeta mchele kuondoa pumba, alikunja kiganja na kusikia kitu kikilia ndani ya kifundo cha mkono, kama kamba kavu inayokazwa. Akausogeza mkono sikioni, akaukunja tena. Ukalia tena.

Mauwa akamkumbuka Zaina. Siku ile ya mwisho, Zaina alikuwa amemshika hapohapo, akambana kwa vidole vya moto, wala hakumwachia mpaka watu wazima walipokuja kuvifungua. Mauwa akaamini kwamba dada yake bado alikuwa amemshika. Aliogopa sana, lakini pia moyo wake ulifurahi, maana aliyemshika alikuwa Zaina. Akafunga kifundo kwa kitambaa, akaendelea kutwanga.

Shuleni, kila asubuhi wanafunzi walisimama mbele ya bendera, wakaimba nyimbo za kuisifu nchi ya Zaire na chama chake kimoja, huku wakipiga makofi. Mauwa alichezesha mikono bila kuigusanisha. Mwalimu wake, Madame Kabedi, alimwona. Siku zile, mtu aliyeonekana kukataa kupiga makofi angeweza kujiletea matata, yeye na wazazi wake. Mwalimu alimwendea upesi kabla wengine hawajatambua, akamvuta nyuma ya mstari na kukifungua kile kitambaa. Kifundo kilikuwa kimevimba, tena kina joto. Alipokisogeza kidole gumba polepole, alihisi mlio ule chini ya vidole vyake.

"Njo Zaina, Madame," Mauwa alimwambia kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili cha kwao, ambamo 'njo' ni 'ndiye' au 'ndiyo'. "Ananishika mukono."

Mwalimu hakucheka wala hakumkaripia. Aliuliza Zaina ni nani, akasikiliza habari yote. Baada ya masomo walimfuata mama stesheni, wakaenda wote watatu kwenye zahanati.

Muuguzi wa pale aliitwa sitwayeni Onema, yaani 'raia' Onema, kama watu wazima wote walivyoitwa siku zile. Aliuliza Mauwa hufanya kazi gani kwa mkono ule, na mama akaeleza huku akiangalia chini.

"Ndani ya mukono kuna kano, kama kamba nyembamba, njo zinazovuta vidole," Onema alisema. "Kila moja inapita ndani ya ala yake, kama kisu. Ukizivuta vilevile kila siku bila kupumzika, zinavimba na kusuguana na ala. Njo hiyo sauti unayosikia."

Aliwaambia kwamba amewaona wapiga kasia wa Lualaba na wapakuzi wa bandarini wakiwa na maumivu hayohayo. Walioendelea na kazi walikaa muda mrefu bila nguvu mkononi. Akamfunga kibao cha kuutuliza mkono, na bendeji, akamkataza kutwanga na kubeba maji mpaka maumivu yaishe kabisa.

Mauwa alikitazama kile kibao. "Mukono ukinyamaza, Zaina atakwenda?"

Aliyejibu ni mama.

"Zaina amekwisha kwenda, mutoto wangu. Muntu aliyekufa hashiki mukono ya muntu. Mimi pia, nikiwa jikoni, nilikuwa nasikia kinu, najidanganya kwamba muko wawili. Njo sababu sikukuzuia. Unisamehe."

Kuanzia hapo mama na Jeannette walitwanga kwa zamu, wakipumzika kila mara. Wakati wa kupumzika, uani palikuwa kimya. Katika kimya hicho Mauwa alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mama alikaa naye chini, wakazungumza habari za Zaina hadi gari moshi likaondoka bila vitumbua vyao.

Wiki kadhaa zilipita kabla Onema hajaondoa kibao. Mauwa alikunja kiganja mbele ya sikio lake. Hakusikia kitu. Alisikiliza kwa muda mrefu, na mama akamngoja.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mama alimwambia kwamba maumivu ni njia ya mwili kuomba msaada, na anayeyaficha hana ujasiri zaidi ya wengine, ila anajiumiza zaidi. "Na huzuni vilevile," alisema. "Usiibebe peke yako. Useme."

Mauwa alifikiri kidogo. Kisha akasema kwamba mgongo nao ulikuwa ukimuuma tangu zamani. Mama akatua kikapu chake palepale kando ya njia, akamsikiliza.